Mbwa wa Fundi: Toka Msitu wa Msasi Mpaka Atelye ya Kadutu

Ukipita asubuhi katika njia za karibu na soko la Kadutu, utawasikia mafundi kabla ya kuwaona. Huyu anapiga rabo kwenye ubao, yule anagonga chuma, na mama mushonaji amekwisha kuzungusha mashini yake toka jua halijatoka vizuri. Kazi ya mikono ndiyo inalisha nyumba nyingi hapa. Lakini jioni, kadena ikifungwa, kila fundi anarudi na swali moja kichwani: usiku huu vyombo vyangu vitalindwa na nani?

Wengine wanalala ndani ya atelye, juu ya maranda. Wengine wanalipa zamu. Wengine wanafunga mbwa mlangoni. Na kila mara fundi mmoja akileta mbwa, maneno yanaanza katika kartye. Jirani anauliza: "Mbwa yako itakula nini, na batoto yako banalala njala?" Fundi naye anajibu: "Kama bezi banabeba mashini yangu, minatumika na nini kesho?"

Maneno hayo yote mawili ni ya kweli, njo maana mabishano hayaishi. Tumeona vema kuyaandika katika kijitabu hiki cha desturi, sababu watu wengi wanafikiri kuchunga mbwa ni jambo la kuiga Wazungu, ao ni jambo la matajiri tu. Sivyo. Mbwa ana historia ndefu kati yetu, na ukiifuata vizuri utakuta ndani yake jibu ambalo linaweza kumsaidia fundi wa leo.

1. Mbwa wa msasi

Zamani, katika milima ya Bushi na zaidi katika msitu wa Mwenga, Shabunda na Fizi, mbwa na mkuki vilikwenda pamoja. Mbwa wa asili wa misitu yetu ya Kongo ni mdogo. Masikio yake yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya ni mafupi, mara nyingi ya rangi ya udongo mwekundu na nyeupe kifuani. Jambo la kushangaza kwake ni kwamba habweki kama mbwa wa Ulaya. Analia kwa sauti ya kuvuta, karibu na wimbo, lakini akiwa kazini ananyamaza.

Kwa sababu hiyo wasasi wa msitu walimvika kengele shingoni, kengele ya mti ao ya chuma. Mbwa akiingia kichakani, msasi hamwoni, lakini anasikia kengele na kujua mnyama anakimbilia upande gani. Kengele hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha kazi cha mbwa, sawa vile rabo ni chombo cha fundi wa mbao.

Mbwa huyo alikuwa na haki zake. Katika makabila mengi ya msitu, nyama ikipatikana, mwenye mbwa alipewa sehemu hata kama yeye mwenyewe alibaki nyumbani siku ile, sababu mbwa wake alitumika. Na mbwa naye alitupiwa sehemu yake palepale, kabla ya mzigo kupelekwa kijijini. Msasi alijua kwamba mbwa asiyepewa kitu leo, kesho hatafuata mnyama kwa moyo. Tena kila mtu kijijini alijua mbwa huyu ni wa nani. Akiharibu kitu kwa jirani, shauri lilipelekwa kwa mwenyewe.

Watu wa pwani wana methali inayosema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake, mbwa anafuata bwana wake. Kwa hiyo shauri juu ya mbwa lilianza kwa mtu, halafu kwa mnyama.

Tukusanye basi mambo matatu ya zamani: mbwa alikuwa na kazi, alikuwa na sehemu yake, na alikuwa na mwenyewe anayejulikana. Tutayahitaji mbele.

2. Neno lililotoka pwani

Kiswahili tunachosema hapa Bukavu kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya Waarabu na Wangwana katika karne ya 19. Walijenga miji yao Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, wakati wa Tippu Tip na wenzake. Walileta nguo, bunduki, biashara ya pembe na ya watu, na pia walileta maneno. Neno moja ni "mshenzi", ambalo kwao lilikuwa mtu wa bara asiye na dini wala ustaarabu wao. Wabeleji wakalichukua neno hilo, na wakati wa ukoloni "basenji" walikuwa watu wa kijiji, wale ambao mkubwa wa serikali aliwahesabu kuwa chini.

Hata mbwa wetu aliitwa hivyo. Mbwa yule mdogo wa msitu, mwenye mkia uliojikunja, akapewa jina basenji, maana yake mbwa wa washenzi. Lakini angalia namna mambo yanavyogeuka. Mwaka wa 1895 mbwa wa namna hiyo walionyeshwa London, katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, ila walikufa upesi kwa ugonjwa. Mwaka wa 1936 mama Muingereza mmoja, Olivia Burn, alipeleka wengine kutoka Kongo, na mwaka wa 1937 watu walijaa kuwatazama. Leo basenji anachungwa Ulaya na Marekani kama mbwa wa heshima, na watu wanalipa feza nyingi kumpata. Hapa kwetu ndugu yake anazunguka sokoni akitafuta mifupa, na watoto wanamtupia mawe.

Kuna watu wanaosema kwamba Wangwana walileta pia desturi ya kumkataa mbwa. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Ndugu zetu Waislamu wa hapa wanalijua jambo hilo. Lakini dini hiyohiyo haikufunga mlango. Kurani, katika sura ya tano, inaruhusu kula mnyama aliyekamatwa na mbwa aliyefundishwa kuwinda. Hadithi za Mtume nazo zinamwacha mtu achunge mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo, ao wa kulinda shamba. Kinacholaumiwa ni kuchunga mbwa bure, bila kazi. Hivyo mzee wa msitu na mwalimu wa pwani, ambao hawakusoma kitabu kimoja, walikutana kwa neno hili: mbwa awe na kazi.

3. Mbwa wa Muzungu na mbwa wa sité

Jina la Bukavu wenyeji wanalieleza kwa neno nkafu, yaani ng'ombe. Ilikuwa nchi ya malisho. Wabeleji waliweka kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na toka mwaka wa 1927 mpaka miaka ya 1950 mji uliitwa Costermansville, kwa kumkumbuka mkubwa mmoja wa serikali yao, Paul Costermans.

Mji ule uligawanyika. Wazungu walijenga chini, juu ya zile ndimi za nchi zinazoingia ziwani. Waafrika waliwekwa mlimani, Kadutu, ambayo ilikuwa sité yao. Baadaye, miaka ya 1950, ikajengwa na Bagira. Mchana fundi wa Kadutu alishuka kujenga nyumba ya Muzungu, kutengeneza meza yake na kushona suruali yake. Usiku alipaswa kupanda. Mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku katika mji wa Wazungu bila karatasi.

Huko chini ndiko watu wetu walikutana na mbwa wa namna nyingine: mbwa mkubwa, wa mlangoni, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia watu. Kwenye lango kulikuwa kibao cha Kifaransa kinachoonya juu ya mbwa mkali. Boi ndiye aliyempikia chakula, tena nyama, na yeye mwenyewe akirudi Kadutu alikula bukari na sombe. Mtu hasahau jambo kama hilo. Njo maana mpaka leo, ukimwambia mzee fulani wa Kadutu kwamba unampikia mbwa chakula, atakutazama kwa jicho la pembeni. Hamchukii mnyama. Anakumbuka nyumba ambamo mbwa alikuwa mbele ya mtu.

Lakini tusidanganyike. Mbwa yule wa Muzungu alitimiza mambo matatu tuliyoyataja. Alikuwa na kazi, hata kama kazi ile ilikuwa mbaya kwetu. Alikuwa na sehemu yake kila siku. Na alikuwa na mwenyewe. Sisi tulipomwiga Muzungu tulichukua kazi ya kutisha watu, tukaacha yale mawili mengine.

4. Fundi na usiku wa Kadutu

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, Kadutu ilijaa. Watu walishuka kutoka Kabare, Walungu, Mwenga na fasi nyingine. Parseli moja ikagawanywa mara mbili, halafu mara nne. Nyumba za mbao zilipanda mlima moja juu ya ingine, mpaka dirisha la huyu linatazama mabati ya yule. Moto ukishika nyumba moja, unashika kumi. Mvua ikinyesha sana, udongo unatelemka.

Katika msongamano huo fundi alifungua atelye yake. Zamani, kama alitumika kwa Muzungu ao katika kampuni, vyombo vilikuwa vya bwana. Sasa vilikuwa vyake mwenyewe, na alivinunua kimoja kimoja, mwaka baada ya mwaka. Mwizi akivibeba, anabeba miaka ile yote.

Nitasema lililotupata nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa fundi wa mbao, na atelye yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Katika miaka ya 1980, wakati wa Zaire, wezi walitoboa ukuta wa mbao na kubeba misumeno miwili, rabo tatu na mashini yake ya kutoboa. Mwezi mzima hakutumika. Alikuwa anakaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, anatazama mikono yake.

Rafiki mmoja akamletea mtoto wa mbwa. Tulimwita Simba. Baba alimfunga kwa waya mlangoni mwa atelye, na pale alikaa mchana na usiku. Chakula chake kilikuwa ukoko wa bukari, siku kama ulibaki. Siku kama haukubaki, Simba alilala hivyohivyo, sawa na sisi siku zingine. Wezi hawakurudi, hilo ni kweli. Lakini Simba alipokuwa mkubwa akawa mkali hata kwetu sisi watoto. Tulimpelekea maji kwa kusukuma bakuli na fimbo.

Siku moja mama mmoja alikuja kulipa nusu ya feza ya kabati. Alikuja na mtoto wake wa miaka sita hivi. Watu wazima walipokuwa wakihesabu feza, mtoto akanyosha mkono kumgusa mbwa. Simba alimuluma shavuni. Sauti ya mama yule ninaisikia mpaka leo: "Mbwa yako inaniulia mutoto!"

Baba aliuza kitanda ambacho alikuwa amemtengenezea mtu mwingine, na feza ile yote ikaishia kwa sindano na kushona jeraha. Mtoto alipona, akabaki na kovu. Mama yule hakurudi kuchukua kabati. Mwenye kitanda naye hakutuma tena kazi kwetu. Jioni moja baba alituambia neno ambalo ndilo limenisukuma kuandika kurasa hizi: "Simba haiko mubaya. Ni miye niliiweka ku kazi bila mushahara."

Alimpeleka kwa mjomba wetu, kijijini, aliyekuwa na ng'ombe. Kule walimfungua ule waya. Alifuata ng'ombe mchana, akalala mlangoni usiku, na alipewa chakula pamoja na wachungaji. Hatukusikia tena kwamba alimuluma mtu.

5. Miaka ya vita

Hatuwezi kuandika historia ya mbwa wa Bukavu bila kutaja vita, maana vita ndivyo vilimwachisha mbwa mwenyewe. Mwaka wa 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika mji toka Agosti mpaka Novemba. Mwaka wa 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu. Kule walikotoka, mbwa waliachwa peke yao kati ya maiti, wakazoea kula watu, na askari wakawapiga risasi. Oktoba 1996 vita viliingia hapa kwetu, na Monsenyeri Christophe Munzihirwa akauawa. Mwaka wa 2004, mwanzo wa Juni, mji ulishikwa na askari wa Nkunda na Mutebutsi. Februari 2025 waliingia M23, na katika siku zile depo na maduka viliporwa.

Kila mara watu walikimbia. Mtu anayekimbia anabeba mtoto, godoro na sufuria. Fundi anabeba msumeno kama anaweza. Hakuna anayebeba mbwa. Anamfungua, ao anasahau kumfungua. Wale waliofunguliwa wanakuwa kundi, wanazaa sokoni na kwenye matakataka, na hakuna anayeweza kusema huyu ni wa fulani.

Vita vilitufundisha jambo lingine pia: mbwa hazuii bunduki. Mwizi wa kisu anaogopa kelele, lakini mwenye silaha ya moto anampiga mbwa kwanza, halafu anagonga mlango. Fundi anayefikiri kwamba mbwa atamlinda na kila kitu anajidanganya. Kazi ambayo mbwa anaweza kuifanya ni ndogo, lakini ni ya maana: kuamsha watu.

6. Ugonjwa na sheria

Kuna mambo mawili ambayo fundi anapaswa kuyajua kabla ya kuleta mbwa kwenye atelye.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi sana wao katika Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa kulumwa na mbwa. Kati yao kuna watoto wengi. Dawa ya kuuzuia si ya jana. Louis Pasteur alimchoma sindano mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, na mtoto yule akaishi. Leo mtu aliyelumwa anapaswa kuosha kidonda palepale kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15, na kwenda upesi hospitalini kupata chanjo. Asingoje aone kama mbwa atakufa, asipake majani ao mafuta ya gari kwanza. Ugonjwa unaweza kujificha ndani ya mwili wiki nyingi, hata miezi, halafu ukatokea wakati watu wamesahau.

Wanaojua mambo haya wanasema kwamba, kama mbwa 70 kwa 100 wa fasi fulani wanachanjwa, ugonjwa unakatika kati yao. Mataifa yamejipa mpaka mwaka wa 2030 ili mtu asife tena kwa ugonjwa huu utokao kwa mbwa. Kwa hiyo mbwa mmoja aliyechanjwa katika njia yenu analinda hata watoto wa jirani. Na mbwa mmoja asiyechanjwa anawaweka wote katika hatari.

La pili ni sheria. Kitabu cha tatu cha sheria ya watu ya Kongo, kinachotoka katika amri ya mwaka wa 1888, kina kifungu cha 261 kinachosema wazi: mwenye mnyama, ao yule anayemtumia, analipa hasara ambayo mnyama ameleta, hata kama mnyama alikuwa amepotea ao ametoroka. Fundi asiseme: "Ilikata kamba, sikukuwa fasi." Akiuma, ni wewe umeuma. Ni shauri lilelile la mzee wa msitu, ila sasa limeandikwa.

Na kwa fundi hasara ni mara mbili. Mtu mwingine anaweza kufunga lango lake mchana kutwa. Fundi anaishi kwa mlango ulio wazi. Mteja akisimama njiani na kulalamika, "Fundi, funga mbwa yako kwanza, njo niingie," mara ya pili atakwenda kwa fundi mwingine.

7. Hesabu ya fundi

Sasa tuje kwa swali lenyewe. Je, fundi achunge mbwa ao asichunge?

Tunamshauri achukue karatasi, sawa vile anavyofanya mteja akiomba bei ya kabati. Upande mmoja aandike chakula. Mbwa wa kadiri anahitaji kama nusu kilo ya chakula kila siku, na ukoko wa bukari peke yake hautoshi. Achanganye hata na sambaza kidogo, wale samaki wadogo walioletwa ziwani mwetu kutoka Tanganyika karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Aandike chanjo, ya kwanza mbwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka ao kama veterineri atakavyosema. Aandike dawa ya minyoo. Aandike nani atamlisha siku ya matanga kijijini. Halafu aandike bei ya kulumwa kwa mtoto mmoja wa mteja. Upande mwingine aandike bei ya vyombo vyake vyote, na siku ngapi atakaa bila kazi kama vimebebwa.

Akiona kwamba hawezi kulipa upande wa kwanza, aache. Asimlete mbwa aje kulala njaa mlangoni. Mbwa mwenye njaa, aliyefungwa mchana na usiku, hajui tena kutofautisha mwizi na mteja. Tena katika nyumba zetu za mbao, mbwa aliyefungwa kwa waya moto ukitokea hana njia.

Fundi huyo ana njia nyingine, nayo ni ya desturi pia: kuungana. Atelye sita ao kumi za njia moja zinaweza kulipa zamu mmoja, kila mmoja kidogo. Na kama wote wanapenda mbwa, wachunge mmoja ao wawili wa njia nzima, chini ya zamu huyo. Kila fundi atoe chakula siku yake, feza ya chanjo itoke kwenye mfuko wa wote, na jina la mwenye kujibu liandikwe. Zamani msasi hakuwinda peke yake na mbwa mmoja. Waliungana, na nyama waligawana.

Kuna wale ambao mbwa anawafaa kweli. Mama mushonaji, mjane, anayelala na watoto na mashini yake katika chumba kimoja, hawezi kungoja njia nzima ikubaliane. Huyo akichunga mbwa mdogo, mwenye kelele, anayelala ndani na watoto, aliyechanjwa na kushiba, amefanya vema. Hahitaji mbwa wa kuuma. Anahitaji sikio la pili wakati yeye amechoka. Sauti ikitoka, jirani anawasha taa, na mwizi wa kadena anakwenda zake.

Mbwa anaweza kuwa mfanyakazi kamili katika nchi yetu hii. Katika hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, toka mwaka wa 2011 walinzi walianza kufundisha mbwa wa kunusa, wanaofuata alama za majangili. Mbwa hao wana mwalimu, wana chakula cha saa yake, wana daktari, na wana saa ya kupumzika. Mtu atasema hizo ni feza za wageni. Ndiyo, lakini mpango wenyewe si mgeni: kazi, sehemu, mwenyewe. Ni kengele ileile ya mti iliyorudi kwa sura nyingine.

Mwisho

Toka msitu wa Shabunda mpaka njia za Nyamugo na Cimpunda, mbwa hakubadilika sana. Ni sisi tuliobadilika. Tulitoka kijijini ambako mbwa alikuwa na sehemu yake, tukaona mjini mbwa aliyekula kuliko boi, tukapita vita ambavyo viliacha mbwa bila watu. Mwishowe tukamfunga mlangoni kama kadena, sababu tulisahau kwamba kadena haina tumbo.

Kwa hiyo, ndugu fundi, jibu letu ni hili. Kabla ya kuleta mbwa, jiulize kama ungekubali kumchukua mwanafunzi wa kazi kwa masharti yaleyale: kulala nje, kula ukoko, kutukanwa, na kulaumiwa siku ya hasara. Kama hapana, ungana na wenzako mlipe zamu. Kama unaweza kumpa chakula, chanjo na nafasi ya kunyoosha miguu, basi mchunge, na majirani wajue kwamba ni wako.

Baba yangu alifungua tena atelye, akaendelea kupiga rabo mpaka uzee wake. Hakuchunga mbwa mwingine. Lakini kila alipokwenda kijijini alibeba kifurushi kidogo cha mifupa kutoka soko la Kadutu. Tulipomuuliza ni ya nani, alicheka na kusema: "Ni deni."